Pai ya Kupindua na Swali la Sufuria: Kutoka Lamotte-Beuvron Hadi Bariadi

Jaribio la kwanza liliungua katikati na kubaki jeupe pembeni. Nilikuwa nyumbani Bariadi, Desemba, maembe yakianguka yenyewe uani, na mimi nimeamua kumwonyesha mama kwamba miaka yote hii ya chuo haikupotea bure. Nikachukua sufuria yake nyepesi ya kuchemshia chai, nikaweka sukari na siagi juu ya jiko la mkaa, nikageuka kumenya embe. Niliporudi, katikati palikuwa na duara jeusi linalotoa moshi, na sukari ya pembeni wala haijashtuka. Mama akachungulia, akasema neno moja tu: "Utaisugua."

Niliisugua. Na wakati nasugua ndipo swali likaja: kwa nini sufuria hii, inayochemsha maji vizuri kila asubuhi, imeshindwa kuyeyusha vijiko vichache vya sukari? Swali hilo lilinipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, na mwisho wake haukuwa wa kuchekesha. Twende taratibu.

Kwanza, tunapika nini? Pai ya kupindua ni pai inayopikwa kichwa chini miguu juu. Sukari inaunguzwa kwa kiasi chini ya chombo hadi iwe karameli, matunda yanapangwa juu yake, kisha unga uliokandwa kwa siagi unafunika kila kitu. Ikiiva, unaweka sahani juu, unabinua, na matunda yanatokea juu yakiwa na rangi ya kahawia inayong'aa. Wafaransa huiita tarte Tatin, kwa jina la dada wawili, Stéphanie na Caroline Tatin, waliokuwa na hoteli mbele ya stesheni ya reli katika mji mdogo wa Lamotte-Beuvron, kusini mwa Orléans. Stéphanie alikuwa jikoni, Caroline akihudumia wageni, wengi wao wawindaji waliokuja kwa treni.

Hadithi inayopendwa ni kwamba siku moja, miaka ya 1880, Stéphanie alizidiwa na kazi, akasahau matufaa kwenye sukari na siagi mpaka yakaanza kuungua, na ili kuokoa jahazi akatupia unga juu na kuingiza yote jikoni. Hadithi tamu, lakini mimi siiamini sana. Pai za kupindua zilikuwepo Ufaransa kabla yao, na jina la Tatin lilipata umaarufu Paris baadaye, miaka ya 1920, pale mwandishi wa mambo ya chakula aliyejiita Curnonsky alipoitangaza. Caroline alikuwa ameshafariki mwaka 1911, Stéphanie 1917. Ukiniuliza, wanawake wawili waliopika kitu kilekile kwa miaka mingi hawakuhitaji ajali ili wajue wanachofanya. Ajali hupewa wapishi. Wanasayansi hupewa "ugunduzi".

Kilichonivutia mimi ni moto wao. Katika majiko ya vijijini Ufaransa enzi hizo, kuoka bila oveni kulifanyika kwa chombo chenye mfuniko, makaa yakiwekwa chini na mengine juu ya mfuniko. Sasa mwambie hivyo mtu wa Zanzibar au Tanga, atakuuliza habari mpya iko wapi. Ni kupalia makaa! Mkate wa kumimina unaokwa hivyo hadi leo. Huku kwetu Simiyu wengi tunaoka keki kwa sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko. Yaani oveni haikuwa kikwazo changu. Kikwazo kilikuwa chombo.

Hapa kuna kemia kidogo, vumilia. Maji yakichemka hayapandi kupita nyuzi 100 hivi, kwa hiyo sufuria ya chai ina mlinzi: hata moto ukiwa mkali sehemu moja, maji yanazunguka na kusawazisha joto. Sukari kavu haina mlinzi huyo. Inaanza kugeuka rangi karibu nyuzi 160 hadi 170, na ikifika 190 na kuendelea inakuwa chungu na nyeusi. Nafasi kati ya "bado" na "imeharibika" ni nyuzi 20 au 30 tu. Chombo kinachopishana joto kwa nyuzi 50 kati ya katikati na pembeni hakiwezi kukupa karameli sawa, hata usali.

Na joto linasafiri tofauti katika kila kitu. Tukiupa udongo wa chungu alama 1 hivi, stenlesi inapata kama 15, chuma cha kusubu kama 50, alumini safi 237, na shaba 400. Kwa hesabu hiyo sufuria ya alumini ya mama ingefaa kabisa. Tatizo ni unene. Bati jembamba kama lile halina nafasi ya kupeleka joto pembeni. Kaa moja likikaa chini yake, sukari iliyo juu ya kaa hilo imekwisha. Pia halina akiba. Sufuria nyepesi ya gramu 400 inahitaji kama kilojuli 0.36 kupanda nyuzi moja, kikaango cha chuma cha kilo mbili na nusu kinahitaji zaidi ya 1.1. Cha pili kinachelewa kupata moto, lakini kikishapata hakiyumbi unapomwagia embe baridi.

Basi nikaanza kujiuliza: kwa nini jikoni mwetu hakuna kikaango kizito cha chuma kama cha bibi wa Kifaransa? Si kwamba watu wa Kanda ya Ziwa hawakukijua chuma. Buhaya, ng'ambo ya ziwa, watu walifua chuma tangu miaka mingi sana, zaidi ya 1,500 iliyopita, na wanaakiolojia wamechimba tanuru zao. Majembe ya wahunzi wa Kirongo, upande wa Geita, yalilima Usukuma na kuvuka hadi Unyamwezi. Lakini tanuru za aina hiyo hazitoi chuma cha maji. Zinatoa bonge kama sifongo, ambalo mhunzi analigonga likiwa jekundu hadi lipate umbo. Kwa njia hiyo unapata jembe zuri, mkuki, kisu. Sufuria, ngumu sana. Chungu cha chuma kinahitaji chuma kilichojaa kaboni, kinachoyeyuka karibu nyuzi 1,150 na kumiminwa kwenye kalibu. Wachina walikuwa na ujuzi huo kabla ya Kristo. Ulaya ilichelewa mno. Kwetu kazi ya kupika ilibaki kwa wafinyanzi, na kwa ugali, kunde na uji chungu hakikuwa na kasoro yoyote.

Chuma cha jikoni kililetwa na biashara. Lisikilize neno lenyewe: sufuria, linalotokana na Kiarabu sufr, shaba. Mzizi wake unabeba maana ya rangi ya njano, na herufi zake tatu ndizo hizohizo za sifuri ya darasani, ingawa hiyo ina maana ya utupu. (Sasa una cha kumwambia mtoto anayechukia hesabu.) Pwani vyombo vya shaba vilikuwa mali ya nyumba zenye uwezo, na ndani vilipakwa bati ili shaba isiingie kwenye chakula. Bati hilo linayeyuka nyuzi 232, kwa hiyo mpishi wa karameli kwenye shaba iliyopakwa bati anacheza karibu na mstari. Karai nalo lina asili ya India, na ndilo chuma halisi kilichobaki mtaani: tazama kwa muuza chipsi yeyote pale stendi.

Halafu ikaja alumini, ikafagia vyote. Na hapa ningependa tukae kidogo, maana sufuria hiyo unayoipiga teke uani iliwahi kuwa kitu cha wafalme. Alumini imejaa ardhini lakini imeshikana na oksijeni kwa nguvu kiasi kwamba mkaa, unaotosha kwa chuma, haufui dafu. Mwaka 1854 Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville alipata njia ya kemikali ya kuitenga, lakini kwa gharama kubwa. Mwaka uliofuata vipande vyake vilionyeshwa Paris kama vito. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, waliweka kileleni kipande cha alumini chini ya kilo 3, na waliona fahari. Miaka miwili tu baadaye, 1886, vijana wawili wasiojuana, Charles Hall huko Ohio na Paul Héroult Ufaransa, waligundua njia ileile ya kuitenga kwa umeme. Wote walizaliwa 1863, wote walikufa 1914. Bei ikaporomoka, na ndani ya kizazi kimoja kito cha mfalme kikawa chombo cha kuchemshia viazi.

Afrika Mashariki familia ya Chandaria ilikuwa ikitengeneza vyombo vya alumini Mombasa, na mwaka 1960 ikaanzishwa Dar es Salaam kampuni ya Aluminium Africa. Ndiyo ALAF, ambayo wewe labda unaijua kwa mabati tu. Sufuria nyepesi, isiyovunjika kama chungu, isiyopata kutu, ya bei ya mkulima wa pamba. Sishangai chungu kilishindwa.

Nirudi Bariadi. Jaribio la pili nilitumia sufuria nyingine ya mama, ile nzito, nene kama kidole, iliyotengenezwa na fundi wa mtaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Mafundi hawa wapo kila mji: wanakusanya pistoni, vipande vya injini, redieta, makopo, wanayeyusha kwa nyuzi zaidi ya 660 na kumimina kwenye kalibu ya mchanga. Karameli ilitoka sawa kote, rangi ya kaharabu. Embe likakaa vizuri. Nilipobinua, watoto walishangilia na mama akaomba kipande cha pili. Kwa fizikia, hiyo ndiyo sufuria bora nyumbani.

Usiku ndipo nikakumbuka makala niliyowahi kuipitia. Mwaka 2017 timu ya mkemia Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, ilichapisha vipimo vya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea. Walichemsha ndani yake asidi hafifu ya siki kwa saa mbili. Vyombo 15 viliachia mikrogramu moja ya risasi au zaidi kwa kila mililita 250, na kimoja kiliachia zaidi ya 1,000. Kabla ya hapo walishapima vile vya Kameruni vya chuma chakavu na kukuta jambo hilohilo. Risasi inaingilia ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi, lakini asidi inaula utando huo. Na embe la kupikia pai, lile bichi-bichi lisilobomoka, ndilo lenye asidi. Nyanya vilevile. Ukwaju vilevile.

Sikuipima sufuria ya mama, na kwa macho huwezi kujua. Fundi mwenyewe hajui. Hana namna ya kujua redieta ipi ilichomelewa kwa risasi. Simlaumu, anatuokolea taka na kutuuzia chombo kinachodumu. Ila nimekaa na karatasi za digrii mbili huku nikiwapakulia wapwa zangu pai, na sikulala vizuri.

Asubuhi nilimwambia mama. Hakubisha, aliuliza tu: "Na maharage yenye nyanya ya miaka ishirini yote?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tulikubaliana sufuria ile ibaki ya kuchemshia maji ya kuoga na kukaangia karanga, na vitu vichachu vipikwe kwenye stenlesi, hata kama inashika chini.

Pai nayo? Siku ya soko nilinunua kikaango kipana cha udongo kwa mama mmoja mfinyanzi. Udongo una alama 1, tumeona, kwa hiyo kuunguzia sukari humo ni kutafuta ugomvi. Karameli niliipika kwenye sufuria nzito, maana sukari na siagi peke yake hazina asidi ya kutisha, na nikaikoroga bila kuiacha hata dakika. Kikaango nikakipasha pole pole pembeni ya jiko, kikipata moto ghafla kinapasuka, nikamimina karameli, nikapanga embe, nikafunika kwa unga uliokandwa kwa siagi na maji kidogo, nikaweka mfuniko wa bati na kupalia makaa. Makaa mengi juu, machache chini. Ilichukua karibu saa nzima. Ikishaiva usiisubiri ipoe kabisa, karameli itaganda na kushika. Dakika tano, kisha binua, na mikono iwe na kitambaa, kwa sababu tone moja la karameli linaunguza kuliko maji yanayochemka na halitoki.

Aliyebinua ni mama. Vipande viwili vya embe vilibaki vimeng'ang'ania udongo, akavichomoa kwa kijiko na kuvirudisha mahali pake, akapiga sahani kwenye meza mara moja ili vikae.