Mstari wa Goyder na Ngano ya Kompyuta
Mwaka 1865, baada ya ukame mkali, mpima ardhi mkuu wa South Australia, George Goyder, alizunguka nyika kwa farasi akitazama mimea. Palipoanza kutawala vichaka vya ukame aliweka mpaka: kusini ngano, kaskazini mifugo. Miaka ya 1870 mvua zikawa nzuri, walowezi wakauvuka mstari na serikali ikawaruhusu. Ukame wa miaka ya 1880 uliwafukuza. Magofu ya nyumba zao za mawe yangali yamesimama.

Goyder aliamua ngano ilimwe wapi. Warithi wake wanataka kujua ipandwe lini na ipewe mbolea kiasi gani. Mwaka 1984 watafiti French na Schultz walitoa kanuni: katika mvua ya msimu ondoa milimita 110 zinazovukizwa, kila milimita inayosalia yaweza kutoa kilo 20 za ngano kwa hekta. Milimita 250, basi, ni kilo zisizozidi 2,800. Lakini kanuni hiyo haitofautishi mvua ya kupandia na ile ya kujaza punje. Modeli ya kompyuta iitwayo APSIM hutofautisha, kwa kuwa hufuatilia maji na nitrojeni udongoni siku hadi siku. Sehemu ya chimbuko lake ni Katumani, Machakos, ambako miaka ya 1980 Waaustralia na Wakenya walijaribu modeli ya mahindi.

Huduma ya Yield Prophet huitumia APSIM hivi: mkulima hupima unyevu wa shamba lake, kisha programu huikuza ngano yake, kuanzia hali hiyo, kwa mvua ya kila mwaka uliomo katika kumbukumbu za karne nzima. Hapewi jibu moja. Huona uwezekano wa mavuno duni, ya wastani na mazuri. Ndipo huweka mbolea kidogo ya kupandia na kungoja mvua kabla ya kununua ya kukuzia. Nitrojeni nyingi mapema hunenepesha majani, nayo humaliza maji kabla punje hazijajaa. Kwangu, uhuru huu wa kungoja unazidi chochote ambacho mstari ungeweza kumpa.

Hata hivyo, walowezi waliponzwa na miaka michache mizuri. Modeli nayo yaweza kuponzwa na karne iliyopita. Mwaka 2017 mtafiti Hochman na wenzake, kwa APSIM hiyohiyo, walionyesha kuwa mavuno ya ngano yanayowezekana kwa maji yaliyopo nchini Australia yalishuka kwa asilimia 27 tangu 1990. Ningependa mkulima aonyeshwe makadirio mawili sambamba: ya miaka mia yote, na ya miaka thelathini ya karibuni peke yake.