'Big in Japan': Kibao cha densi kilichobeba machungu ya Berlin Magharibi

KUNDI la Alphaville kutoka mji wa Münster, Ujerumani Magharibi, halikuwa na jina wala rekodi yoyote sokoni lilipotoa wimbo wake wa kwanza, Big in Japan, mnamo Januari 1984. Katika muda wa miezi michache wimbo huo ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza nchini mwao, Uswisi na Uswidi, na kufika nafasi ya nane Uingereza, soko ambalo wanamuziki wengi wa Ujerumani walibisha hodi bila kufunguliwa.

Waliocheza densi kwa mdundo wake, na wangali wapo wanaoucheza hadi leo, ni wachache waliotambua kwamba walikuwa wakichezea kisa cha wapenzi wawili waliotekwa na heroini.

Kisa chenyewe kinatoka Berlin Magharibi ya mwishoni mwa miaka ya sabini. Mji huo, uliozingirwa na ukuta pande zote, ulikuwa kimbilio la vijana kutoka kila pembe ya Ujerumani Magharibi, wakiwemo wasanii, wanafunzi na waliokuwa wakikwepa utumishi wa jeshi ambao haukuwalazimu wakazi wa huko. Mihadarati nayo iliwafuata. Kituo cha reli cha Zoo, ambacho kwa ajabu ya siasa za enzi hizo kilisimamiwa na shirika la reli la Ujerumani Mashariki ingawa kilikuwa upande wa Magharibi, kiligeuka kuwa soko la heroini na la miili ya vijana waliojiuza ili kupata pesa za kuinunua. Ulimwengu ulikisoma kituo hicho katika kitabu cha msichana Christiane F. kilichochapishwa 1978, na kukiona katika filamu iliyofuata 1981.

Marian Gold, mwimbaji wa Alphaville ambaye jina lake la kuzaliwa ni Hartwig Schierbaum, aliishi Berlin katika kipindi hicho. Katika maelezo yake ya baadaye amesema wimbo unawahusu wapenzi wanaojaribu kuachana na uraibu, wakiwaza jinsi mapenzi yao yangekuwa bila dawa hiyo: bila kuiba, bila kusubiri wateja, na hisia zikiwa hisia za kweli. Kituo cha Zoo kinatajwa katika mashairi yenyewe, lakini kwa msikilizaji asiyeijua Berlin jina hilo lilipita kama bustani ya wanyama tu.

Je, Japani inaingiaje hapo? Msemo uliotumika kuwa jina la wimbo ulikuwa wa mzaha miongoni mwa wanamuziki wa Magharibi. Bendi iliyoshindwa kujaza hata ukumbi mdogo kwao ingedai kwamba mashabiki wake wako Japani, mbali mno kwa yeyote kwenda kuhakikisha. Huko Liverpool kulikuwa na kundi la mtindo wa panki lililojiita kwa msemo huohuo kuanzia 1977, ambamo Holly Johnson alipitia kabla ya kuongoza Frankie Goes to Hollywood. Gold aliliazima jina hilo kwa sababu lilimfaa: mraibu naye ana Japani yake, mahali pa mbali ambapo mambo yake yote ni mazuri.

Wimbo ulitungwa miaka kadhaa kabla ya kurekodiwa. Gold alikutana na Bernhard Lloyd katika jumuiya ya wasanii iliyoitwa Nelson, na pamoja na Frank Mertens wakaunda kundi ambalo kwanza liliitwa Forever Young. Jina la Alphaville lilikuja baadaye, likichukuliwa kutoka filamu ya Mfaransa Jean-Luc Godard ya mwaka wa 1965.

Hawakuwa wapiga ala waliohitimu katika vyuo vya muziki. Hapo ndipo teknolojia ilipowafaa. Vinanda vya elektroniki na mitambo ya kupanga noti viliwawezesha kutunga muziki hatua kwa hatua, noti moja baada ya nyingine, pasipo kuhitaji vidole vya fundi wa piano. Mashine ya ngoma ilishika mdundo usioyumba, na juu yake wakapanga milio inayoiga ala za Mashariki ya Mbali, ingawa hakuna Mjapani aliyehusika. Muziki wa aina hiyo ulikwisha kufunguliwa njia na wenzao Kraftwerk wa Düsseldorf. Tofauti ni kwamba Kraftwerk waliimba kwa ubaridi wa mashine, ilhali Gold aliimba kama mtu anayekaribia kuvunjika moyo.

Kampuni ya WEA iliutoa wimbo katika santuri ndogo, upande wa pili ukiwa na wimbo uitwao Seeds. Kwa ajili ya kumbi za disko ilitolewa pia santuri ya inchi 12 yenye toleo lililorefushwa hadi zaidi ya dakika saba. Video yake iliongozwa na Dieter Meier, Mswisi wa kundi la Yello.

Toleo hilo refu ndilo lililowavusha bahari ya Atlantiki. Nchini Marekani wimbo ulikwama nafasi ya 66 katika chati kuu ya jarida la Billboard, lakini mwishoni mwa 1984 uliongoza chati ya densi ya jarida hilohilo. Chati hiyo haikupima mauzo. Ilitegemea taarifa za ma-DJ kuhusu nyimbo zilizowainua watu vitini. Kwa maneno mengine, Alphaville walikuwa maarufu gizani, katika kumbi za usiku, huku redio za mchana zikiwapita. Utani wa jina la wimbo wao ukawageukia wenyewe.

Mafanikio hayo yalileta shinikizo. Sounds Like a Melody, uliotoka mwaka huohuo, ulitungwa kwa haraka ili kukidhi matakwa ya soko. Albamu ya Forever Young ilifuata Septemba 1984, na wimbo uliobeba jina lake umeishi maisha marefu kuliko hata Big in Japan. Mertens alijiondoa kabla ya mwaka kwisha, na nafasi yake ikatwaliwa na Ricky Echolette.

La kushangaza ni kwamba kundi hili lililochezesha mabara mawili halikufanya tamasha lake la kwanza hadi 1993, tena si Berlin wala Tokyo, bali Beirut, Lebanon, mji uliokuwa ndio kwanza unatoka vitani.

Big in Japan imerekodiwa upya na wengi, wakiwemo Guano Apes wa Ujerumani mwaka wa 2000 na Ane Brun wa Norway mnamo 2008. Brun aliondoa ngoma na mitambo yote, akauimba taratibu. Katika toleo lake huzuni iliyokuwa imefichwa chini ya mdundo kwa miaka 24 inasikika waziwazi.