Kuku wa Kiegeani na gunia la mjini

Tukizungumza historia ya pwani tunataja majahazi, karafuu na pembe za ndovu. Kuku tunamsahau, ilhali asili yake ni Asia. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, mji uliofanya biashara ya Bahari ya Hindi tangu karne ya 7. Mwaka 1331 Ibn Battuta alikaribishwa Mogadishu kwa wali wa samli na mchuzi wenye kuku, nyama na samaki.

Huku Mafia, karne ya 19 Waomani walipanua mashamba ya minazi kwa jasho la watumwa. Penye nazi hapakosi machicha. Kuku wa kienyeji wa Kiegeani anajua ladha hiyo: machicha, pumba, vichwa vya dagaa, na vipande vya makombe anavyodonoa mwenyewe.

Kisha likaja gunia la chakula cha kuku wa mayai. Lina kalsiamu karibu asilimia 4, kwa kuwa ganda la kila yai hubeba kama gramu 2. Mtetea anayetaga anaihitaji. Jogoo hatagi, na kifaranga akilishwa hicho figo zake zinaweza kuharibika.

Kama unafuga wote pamoja, nunua chakula cha kuku wanaokua, kisha weka makombe yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni. Mtetea atayafuata, jogoo atayaacha.

Gunia ni zuri, lakini halijui nani anataga. Mtetea anajijua.