Lango la Iringa na watoto wa Bariadi

Usiku wa kuamkia Oktoba 1, 1962, watu wawili waliuawa katika ghasia za Chuo Kikuu cha Mississippi, Marekani. Kisa ni kijana mmoja mweusi, James Meredith, aliyekuja kujiandikisha katika chuo kilichokuwa cha Wazungu tu. Kulipokucha akajiandikisha, askari wa serikali kuu wakimlinda.

Januari ya mwaka huohuo, Tanganyika ilikuwa imekwisha kufuta kwa sheria mgawanyo wa shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Risasi hazikulia. Pengine ndiyo sababu hatuna jina la kulikariri.

Mtoto wa Bariadi, enzi hizo ikiwa ndani ya wilaya ya Maswa, hakuwahi kuzuiwa kwenye lango la chuo kikuu, kwa kuwa hadi 1961 nchi haikuwa nacho. Alichujwa mapema: mtihani wa darasa la nne, kisha wa la nane. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa 1925, ilianza kwa kulenga wana wa watemi. Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya upande wa Shinyanga, alisoma hapo, akaenda Makerere, hatimaye Oxford. Mtoto wa mfugaji wa kawaida wa Ntuzu, hukohuko Bariadi, aliishia machungani.

Wakati huo huko Iringa, mwaka 1959, wakoloni walifungua St Michael's and St George's, sekondari ya bweni ya watoto wa Kizungu. Miaka miwili kabla ya uhuru! Aliyepiga mahesabu hayo alikuwa na imani kubwa.

Chuo kikuu kilikuja Oktoba 25, 1961, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam: wanafunzi 14, wote wa sheria, mwanamke akiwa mmoja, Julie Manning. Shule ya Iringa nayo ilibadilishwa jina ikawa Mkwawa, jina la mtemi wa Wahehe ambaye fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Mwaka 2005 ikawa chuo kikuu kishiriki cha elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Siku hizi binti wa mkulima wa pamba wa Dutwa, Bariadi, akipata nafasi Mkwawa, anapanda basi na begi lake. Majengo hayo yalijengewa nani, hana habari. Swali lake akifika ni moja: bumu, ile fedha ya mkopo, linaingia lini?