Seyyid Majid bin Said katika Kivuli cha Baba Yake

Mtawala aliyezaliwa na mtawala mashuhuri hupimwa kwa mizani miwili: matendo yake mwenyewe na matendo ya baba yake. Mara nyingi mizani wa pili hutangulia, na wa kwanza usitumike kabisa. Hayo yalimpata Seyyid Majid bin Said, aliyetawala Unguja na pwani ya Afrika Mashariki tangu 1856 hadi 1870. Waandishi wengi wa tarikhi humwita dhaifu. Makusudi ya makala haya si kumpamba kwa sifa asizostahili, bali kuuliza neno hilo lapima nini.

Sifa za Seyyid Said bin Sultan zajulikana. Alihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, akaeneza kilimo cha karafuu, akauvunja utawala wa Mazrui katika Mombasa mwaka 1837, na akafanya mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Haifai kusahau kwamba sehemu kubwa ya utajiri huo ilitokana na jasho la watumwa mashambani. Hata hivyo, jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba dola hiyo ilishikamana kwa nafsi ya mtu mmoja. Bahari iliyotenga Omani na Unguja iliunganishwa na merikebu zake, na heshima yake, na ujuzi wake wa kupatanisha makabila na wafanya biashara.

Vitu kama hivyo havirithiwi. Katika madhehebu ya Ibadhi uongozi si mali ya kugawanywa kwa mafungu ya mirathi, kiongozi huchaguliwa. Seyyid Said mwenyewe hakujiita Imamu. Ni kweli kwamba mwaka 1844 aliwaarifu Waingereza kuwa amemweka mwanawe Khalid juu ya nchi za Afrika na Thuwaini juu ya Omani, lakini Khalid alifariki mwaka 1854, na Majid akashika nafasi yake. Seyyid Said alipofariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, hapakuwa na sheria iliyokubaliwa na ndugu wote. Neno "mrithi" kila mmoja alilifasiri alivyopenda.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1859 Thuwaini alitayarisha merikebu kuishambulia Unguja, naye akarudishwa njiani na Waingereza. Mwaka huo huo Barghash aliasi, akisaidiwa na dada yake Salme. Askari wa manowari ya Kiingereza walisaidia kumshinda, akapelekwa Bombay. Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa Bara Hindi kwa niaba ya Uingereza, alikata shauri: Unguja na Maskati ziwe dola mbili, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Majid aliokoa kiti chake, lakini tangu hapo mgeni ndiye aliyekuwa kadhi wa nyumba yake.

Huo ulikuwa udhaifu, wala haukanushiki. Lakini chanzo chake kilikuwa katika urithi wenyewe. Baba alimwachia mwana dola isiyo na kanuni ya kurithiana, ndugu wenye madai, na desturi ya kuegemea urafiki wa Waingereza. Tukimlaumu Majid kwa kuegemea, yapasa tuulize ni nani aliyeisimamisha nguzo ile.

Liko jambo moja ambalo baba hakulifanya. Kando ya kijiji cha Mzizima, katika miaka ya 1860, Majid alianza kujenga mji mpya wenye bandari iliyokingwa na mawimbi. Aliuita Dar es Salaam. Wako wasemao kuwa asili ya jina ni "bandari ya salama", lakini umbo lake ni la Kiarabu kilicho wazi: dar ni nyumba au makao, na maneno hayo yamo katika Kurani kwa maana ya Pepo. Haiwi ajabu kwamba mtu aliyeandamwa na ndugu zake alichagua jina hilo kwa mji uliokuwa ng'ambo ya Unguja.

Majid alifariki Oktoba 1870, asiache mtoto wa kiume. Barghash, aliyemfuata, hakuuendeleza mji, na majengo mengi yakaachwa kuwa magofu. Lakini mwaka 1891 Wadachi walihamishia huko makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo, na katika sensa ya 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Majid aliufuata mkondo wa baba yake katika mambo mengi, na humo ndimo alimoonekana mdogo. Alipochimba mkondo wake mwenyewe hakuishi kuyaona maji yakijaa. Kwa hiyo "dhaifu" si neno la uongo juu yake, lakini ni neno lisilotimia. Nusu ya maana yake ni ya Seyyid Said.