Farasi au punda anayejikwaa: kabla ya kumfundisha, mumupime kwanza

Kwenye barabara ya Kabambare kwenda Kasongo, mizigo inasafiri kwa kinga, kwa pikipiki na juu ya vichwa vya watu. Farasi ni mgeni kabisa. Sababu kubwa ni mbung'o, yule nzi wa tsetse anayeleta ugonjwa wa nagana kwa wanyama. Mwaka 1866 David Livingstone alipanda bonde la Ruvuma na ngamia, nyumbu na punda; wakaumwa na mbung'o, wakapigwa vibaya njiani, karibu wote wakafa. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili, nao wakafa mbele ya kufika mbali.

Habari hiyo ya zamani inamhusu mtu yeyote anayetaka kuleta farasi ao punda huku. Nagana inaweza kumfanya mnyama ayumbe miguu ya nyuma na kujikwaa, na mwenyewe akafikiri ni uvivu. Homa inayokuja na kuondoka, kukonda hata kama anakula, ufizi kuwa mweupe, uvimbe miguuni na chini ya tumbo: hapo daktari wa wanyama achunguze damu. Fimbo haiponyeshi nagana.

Kama damu ni safi, angalia kwato. Inua kila mguu, toa udongo, tafuta jiwe ao msumari, na unuse: harufu ya kuoza ni alama mbaya. Kwato ikiwa ndefu kwa mbele, mguu unachelewa kuondoka chini, ncha inagonga njia. Kwa kawaida kwato zinakatwa kila wiki 6 hadi 8. Ikiwa zimeachwa miezi mingi, zipunguzwe kidogo kidogo, na mtu anayejua kazi. Tazama pia mzigo: ukiegemea upande mmoja, hata mnyama mzima anajikwaa.

Kisha ndipo mafunzo. Laza mti mmoja chini, umwongoze avuke polepole. Kamba isikazwe, maana anahitaji kuinamisha kichwa ili aone anapokanyaga. Wengi wanakosea hapo, wanamvuta kichwa juu halafu wanamlaumu. Akizoea, weka miti 3 ao 4. Kwa farasi mkubwa nafasi ni karibu sentimita 80, kwa punda ni pungufu. Hatua zake mwenyewe ndizo kipimo. Siku zikipita, inua miti sentimita 10 hivi, halafu mpeleke kwenye vilima vidogo na njia ya mabonde. Dakika 10 zinatosha. Akichoka ataanza kuburuza miguu, na hapo anajifunza kuburuza.

Anayejikwaa kwa mguu uleule kila mara, ao aliyeanza ghafla, asipandwe wala kubebeshwa mzigo mpaka sababu ijulikane. Akianguka, aliye mgongoni anaweza kulaliwa naye.