Mlipaji Katika Tiba ya Akili



Mgonjwa wa akili wa Cyangugu hapelekwi tu mahali ugonjwa wake unapomwelekeza. Hupelekwa pia mahali ambapo mlipaji amekubali kulipa. Jambo hili lina historia yake, na askari wa jeshi na polisi, ambao hukatwa mishahara kwa ajili ya bima, wanastahili kuijua.

Kwa miaka mingi Rwanda ilitegemea hospitali moja ya magonjwa ya akili, ile ya Ndera karibu na Kigali, iliyoasisiwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1968 na kuanza kupokea wagonjwa mwaka 1972. Kutoka Kamembe hadi huko ni zaidi ya kilomita 200, kupitia msitu wa Nyungwe. Kwa jamaa maskini mwenye mgonjwa asiyelala wala kutulia, safari hiyo ilikuwa kikwazo kabla hata bei ya dawa haijatajwa.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliacha majeraha yasiyoonekana kwa macho, na watu waliopitia uwanja wa Kamarampaka au kambi ya Nyarushishi wanaelewa tunasema nini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta msongo unaofuata maafa katika asilimia 3.6 ya watu wote, lakini asilimia 27.9 ya manusura. Ni asilimia 5.3 tu ya watu waliosema kuwa wamewahi kutumia huduma za afya ya akili.

Ada za matibabu zilirudishwa mwaka 1996, na maskini wakapungua vituoni. Hapo ndipo ilipozaliwa mituweli, iliyojaribiwa mwaka 1999 Byumba, Kabgayi na Kabutare, ikaenea nchi nzima, na sheria ya mwaka 2007 ikaifanya ya lazima. Haifai kuibeza: bila mfuko huo wakulima wengi wasingalimwona mganga. Hata hivyo mfuko una ngazi zake. Mwanachama huanzia kituo cha afya, akapewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya kama Gihundwe, na kutoka huko ndipo aende Ndera. Akiruka ngazi, hujilipia mwenyewe. Bukavu, anayoiona ng'ambo ya mto Rusizi, ina kituo cha magonjwa ya akili tangu mwaka 1994. Lakini mituweli yake haivuki daraja.

Ngazi hizo ziliwekwa na dola kwa sababu ya uchache wa fedha na waganga. Mambo huwa mazito zaidi pale mlipaji anapokuwa kampuni inayotafuta faida. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1980, kampuni za bima zilianza kuhesabu siku za mgonjwa wa akili wodini, na daktari akalazimika kumweleza karani kwa simu kwa nini mgonjwa bado hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mazungumzo marefu na mgonjwa yakapungua, vidonge vikashika nafasi yake. Sheria za mwaka 1996 na 2008 zilitaka akili ihesabiwe sawa na mwili. Mwaka 2019 jaji wa San Francisco aliamua kwamba kampuni moja kubwa ilitumia vigezo vilivyojali gharama kuliko tiba, ingawa mahakama ya rufani baadaye ilitengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo. Kenya ilikuwa imekwisha kutangulia: sheria yake ya afya ya akili ya mwaka 1989 iliifanya kuwa kosa kampuni kuandika bima inayowatenga wagonjwa hao. Kuandika sheria, bila shaka, ni rahisi kuliko kuisimamia.

Askari wa Rwanda wana mfuko wao, MMI, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, na hospitali ya Kanombe. Kwao swali la hiari lina uzito wa pekee. Mwenye malaria haoni haya fomu ya madai ikipita mikononi mwa makarani ikiwa na jina la ugonjwa wake. Aliyerudi kutoka vitani akiota ndoto za kutisha huona haya. Huogopa kunyang'anywa silaha, kunyimwa cheo, kuchekwa kambini. Kwa hiyo hunyamaza, au hununua vidonge vya usingizi dukani kwa fedha yake mwenyewe, huku bima aliyokatwa ikikaa bila kazi. Aliye Kamembe anaweza kuanzia kwa mwuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya, bila kungoja gari la kwenda Kigali.